Mahari ya Solange: Tulivyokwenda Louisville Kukagua Dume la Farasi

Mmeniuliza mmoja mmoja, kanisani, kazini, hata kwenye foleni ya duka la Bailey nikiwa na mfuko wa unga begani: "Mado, ni kweli kaka yako alienda Kentucky kuangalia farasi?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila mtu anatia chumvi yake, na juzi nimesikia kwamba tulirudi na farasi ndani ya gari. Hatukurudi na farasi. Nawasimulia mara moja hii, tangu tulipotoka mpaka tuliporudi, na atakayeongeza kitu ataongeza kwa dhambi zake mwenyewe.

Solange mnamjua, mtoto wa kaka yangu mkubwa Nehemia, wa ile nyumba ya Black Rock, hapa Buffalo, yenye ngazi za mbao. Gentil hamumjui wote. Ni kijana wetu wa milimani kule Kivu ya Kusini, aliyeletwa Amerika peke yake, bila baba, bila mjomba, akapelekwa Louisville na akapata kazi ya kutunza farasi wa mbio. Yeye na Solange walipendana kwenye harusi ya watu wengine, kama ilivyo desturi, na kwa miaka miwili wamekuwa wakizungumza kwa simu mpaka simu zinachemka. Kilichowakwamisha ni mahari.

Hapa Amerika ng'ombe wa mahari amekuwa bahasha. Msemaji anasimama, anainua bahasha, anasema "huyu ni ng'ombe mwenye pembe ndefu," watu wanapiga makofi, bahasha inapita. Nehemia amepiga makofi hayo kwenye harusi nyingi, na kila mara amerudi nyumbani amenuna. Zamu yake ilipofika alisema neno moja tu: "Mutoto yangu hataondoka juu ya bahasha. Nataka kitu yenye kupumua."

Sasa, kitu chenye kupumua Black Rock utakiweka wapi? Lakini Gentil ana akili. Bosi wake alikuwa amempa farasi jike mzee wa ile jamii ya mbio, aliyeacha kukimbia zamani. Bosi huyohuyo alimwambia kwamba msimu wa kupandisha unakaribia kuisha, kwa hiyo anaweza kumpeleka jike wake kwa mmoja wa madume wawili wa shamba, bure. Gentil akatuma ujumbe: nitatoa jike, pamoja na kile kitakachokuwa tumboni mwake, na baba mkwe aje mwenyewe achague dume.

Nehemia alikaa na ujumbe ule wiki nzima. Halafu akasema, "Bon. Nitaenda kuona. Nikikataa zile dume, maneno imeisha." Solange alinishika mikono jikoni kwangu. Alianza kwa Kiingereza, akamaliza kwa Kiswahili, na hapo nilijua mambo ni mazito. "Shangazi, baba akisema hapana, ni hapana mpaka kaburini. Usimwache aseme." Nikamwahidi, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumzuia Nehemia kusema lolote.

Kutoka Buffalo

Ilikuwa mwisho wa Mei, mwaka 2015. Tulipanga kutoka alfajiri. Tulitoka jua likiwa utosini, kwa sababu Nehemia alikuwa anatafuta fimbo. Si fimbo ya kutembelea, miguu yake ni mizima kuliko yangu. Ni ile fimbo ndefu ya wachunga ng'ombe, ya kuweka mabegani na kutundika mikono. Mke wake alikuwa ameificha nyuma ya mashine ya kufulia. Nilimwambia tuiache, akaniangalia kana kwamba nimemwambia aende bila suruali.

"Mado, mwanaume anaenda kwa maneno ya mahari mikono butupu? Juu ya nini? Mi ni mwizi?"

Fimbo haikuenea kwenye buti. Ililala katikati ya viti, ncha moja kwenye kioo cha nyuma, nyingine begani kwangu, na kila nilipogeuza kichwa ilinigonga sikio. Niliendesha mimi. Nehemia ana leseni, lakini anaendesha kwenda kiwandani na kanisani tu. Barabara kuu anaiita barabara ya wendawazimu, na wendawazimu wenyewe alikuwa ananionyesha kwa kidole kila walipotupita.

Ziwa Erie lilikuwa kulia kwetu, na kaka yangu alikuwa ananifundisha madume. Alichunga tangu hajaota meno ya pili, na ukimfungulia mlango huo haufungiki. Dume, alisema, unauliza kwanza mama yake: alitoa maziwa kiasi gani, alikuwa na hasira au upole. Halafu mgongo. Halafu unamwangalia anavyosimama mvua inapompiga. Nikamwuliza kama haya yote yanafaa kwa farasi.

"Farasi ni ngombe tu. Haiko na pembe, njo ile tu."

Mtu wa kofia nyeusi

Tulipoingia Ohio tulikuta barabara inatengenezwa, na magari yote yakashushwa kwenye njia ndogo ya mashambani. Tulitambaa. Mbele yetu kulikuwa na kigari cheusi kinachovutwa na farasi. Ni wale watu wanaoitwa Amish, wanaokaa bila umeme na bila magari. Nilikuwa nimewaona kwa picha tu. Nehemia hakuwahi kusikia kwamba wapo.

Mwanaume alikuwa na kofia nyeusi na ndevu. Mke wake alikuwa na gauni refu na kitambaa kichwani. Nehemia aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kioo. "Mado," alisema kwa sauti ya chini, "hawa ni batu ya wapi? Hawa ni batu muzuri." Kofia, mke aliyejisitiri, mnyama mbele: kwa kaka yangu hao ndio walikuwa Waamerika wa kwanza wenye adabu tangu tushuke ndege.

Walipokata kona kwenye kibanda chao cha kuuza jibini na mayai, alinilazimisha kuwafuata. Nilisema tumechelewa. Alisema kawia ufike. Basi nikasimama kutafsiri kati ya wanaume wawili wenye kofia, mmoja wa Ohio na mmoja wa Minembwe, milimani kwetu, wakizunguka farasi mmoja kwa heshima kubwa. Nehemia aligusa kifua cha farasi, akachuchumaa kuangalia magoti, akainuka.

"Mwambie hii ni farasi muzuri kabisa. Baba yake ni nani?"

Mwenye farasi alicheka. Alisema baba wa huyu alikuwa dume maarufu sana wa mbio za vigari, watu walipanga mstari kumletea majike. Lakini huyu mtoto wake hakupenda kukimbia hata siku moja, akauzwa, na sasa anabeba mayai.

Sikupaswa kutafsiri hiyo. Nehemia alirudi garini, akageuka kumwangalia farasi wa mayai mpaka tukakata kona. Tulipokaribia Cleveland ndipo alipouliza, "Donc dume mukubwa inaweza kuzaa mutoto ya bure?"

"Hata watu," nilimjibu.

"Batu najua. Niko nauliza farasi."

Columbus

Columbus tulikuwa tunamchukua Yona, mtoto wa baba yetu mdogo. Baba wa msichana hajisemei kwenye maneno ya mahari, anasemewa, na msemaji wetu ni Yona. Ana sauti nzuri, na hakuna anayeweza kumkatiza. Pia ni mzee wa kanisa, jambo ambalo sisi tulilisahau.

Mke wake alitupokea kwa chai ya maziwa, maharage na sombe ya majani ya muhogo, nami nilikula kama mtu aliyepigwa na fimbo sikioni njia nzima. Yona hakula. Alikuwa amevaa koti tayari, begi liko mlangoni, lakini kuna kitu kilikuwa kinamkera.

"Nehemia, ile farasi inafanya kazi gani?"

"Inakimbia."

"Inakimbia inaenda wapi?"

Nehemia aliniangalia. Nikasema inazunguka uwanja, inarudi ilikoanzia.

"Na batu banaangalia bure?"

Hapo nikamtazama mke wake, naye akatazama maharage. Yona alivua koti, akalitundika, akakaa. "Kamari! Mi, mzee wa kanisa, niende kusemea mahari ya kamari? Solange aolewe na dhambi yenye mikia?"

Nilijaribu kueleza kwamba jike yule mzee hakimbii tena, kwamba Gentil hachezi kamari, kwamba ni mtu wa maombi. Yona alinijibu kwa mistari ya Biblia, na mistari yake huwa haiishi. Tulilala pale. Solange alipiga simu kuuliza tumefika wapi, nikamwambia tuko njiani, maana Columbus iko njiani.

Asubuhi, kwenye chai, Nehemia aliuliza taratibu kana kwamba anauliza hali ya hewa. "Yona, ngombe yako ikikunywa maji kwa mutaro ya mulevi, jioni italewa?"

Yona alikunywa chai mpaka nusu ya kikombe. "Haitalewa."

"Na maziwa yake, utakamata ao utamwaga?"

"Nitakamata," alisema Yona. "Lakini nitaomba mbele."

Akaomba. Aliwaombea wachumba, akaliombea gari, akawaombea madume wote wawili, na chai iliyobaki ikapoa. Halafu alivaa koti. Fimbo tukaihamishia upande wake.

Upande wa pili wa mto

Tulivuka mto Ohio pale Cincinnati, tukawa Kentucky. Njaa ilitushika, tukaingia mkahawa mdogo wa barabarani. Nehemia hali kuku, mayai, mbuzi wala samaki, ni mtu wa zamani, kwa hiyo mahali popote pa kula anaagiza maziwa. Mhudumu alimletea glasi. Alionja, akanong'ona kwamba haya ni maji meupe, nimwombee yale yaliyoganda.

Nilimwambia yule mama, kwa Kiingereza changu cha kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kwamba tunataka maziwa yaliyochacha. Alibadilika rangi. Aliichukua glasi ya Nehemia, akainusa, akaomba radhi mara tatu, akaleta nyingine mpya. Nikasema hapana, yaliyochacha. Akaomba radhi tena na kwenda kumwita mwenye mkahawa.

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mzee mmoja mzungu, mwenye mikono iliyokatwakatwa na kazi. Alikuwa anamega mkate wa mahindi ndani ya glasi yake na kula kwa kijiko. Alisikia vurugu yetu, akainua glasi kutuonyesha. Ndani kulikuwa na maziwa mazito, machachu, yamefunika vipande vya mahindi.

Nehemia alisimama. "Mado. Ile muzungu anakula bugali na maziwa ya kuganda."

Basi tulikula bugali na maziwa ya kuganda huko Kentucky, tukiwa wanne, kwa sababu yule mzee alivuta kiti chake akaja kwetu. Hakuna aliyeelewa maneno ya mwenzake zaidi ya nusu. Nilipotafsiri kwamba tunakwenda kuchagua dume la farasi, alitikisa kichwa kwa huruma, akasema hiyo ndiyo kazi iliyowavunja watu wengi wenye akili. Yona akauliza kasema nini. Nikasema ametubariki.

Shambani kwa Miss Jo

Shamba liko nje kidogo ya Louisville, uzio mweusi, majani mafupi kama yamenyolewa. Gentil alitusubiri getini na shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimsalimia Nehemia akiangalia viatu vyake, kama mkwe anavyopaswa. Nilimpenda tena.

Kando yake alisimama bosi wake, mama mzungu mrefu, mwembamba, anayechechemea goti moja. Wote wanamwita Miss Jo. Alinipa mkono na kusema Gentil amemweleza kwamba leo anahitaji mtu wa ukoo wa kusimama upande wake. "Hana mwingine hapa," alisema, "kwa hiyo ukoo wake ni mimi." Nilipotafsiri, Yona alirekebisha tai. Hakuwahi kusemezana mahari na mwanamke, tena wa buti.

Kwanza tulionyeshwa jike. Ni mwekundu wa kahawia, macho yameingia ndani kwa uzee. Nehemia alimkuna chini ya shingo kama anavyomkuna ng'ombe, naye akamwegemea kwa uzito wake wote. Kaka yangu alibaki pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Halafu tukaenda kwenye banda la madume, na hapo nusura tuharibu kila kitu. Miss Jo alionyesha fimbo kwa kidole na kutikisa kichwa. Nehemia alidhani anaisifia. Wakatoa dume wa kwanza, kijana mwekundu anayeng'aa kama amepakwa mafuta, na kaka yangu akamsalimia vile tunavyomsalimia fahali milimani: aliinua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili na kuanza kumsifu kwa sauti kubwa kwa lugha yetu.

Dume alisimama kwa miguu miwili. Mtunzaji aliburutwa mpaka ukutani. Yona, mzee wa kanisa, alijificha nyuma yangu. Miss Jo hakupiga kelele, aliongea kwa sauti ya chini mpaka mnyama akashuka, kisha akaja, akaichukua fimbo mkononi mwa Nehemia, akaiweka nyuma ya mlango. Naye akamwachia! Mimi nimemjua tangu nazaliwa, sijawahi kuona mtu akimnyang'anya fimbo.

"Nimemukosea," Nehemia alisema. "Mwambie. Si mama, farasi. Mwambie farasi nimemukosea." Gentil alienda akamwambia farasi.

Dume wa pili alitoka bila kuvutwa. Alikuwa mzee, mgongo umebonyea, mdomo wa chini unaning'inia. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa kaka yangu, aliyekuwa hajui mikono aiweke wapi, akamnusa mfukoni.

Miss Jo akaanza kueleza, na hapo mateso yangu yalianza. Fahali wa ng'ombe sisi tunamsema bila haya, lakini si mbele ya mkwe, tena mimi ni dada, na kaka yangu yuko hapo hapo. Miss Jo hana habari na mambo hayo. Alisema kila kitu kwa jina lake. Jamii hii ya farasi, alisema, haikubaliwi kupandishwa kwa sindano, lazima dume na jike wakutane wenyewe. Nikatafsiri kwamba lazima wasalimiane ana kwa ana.

Nehemia alifikiri. "Na hii ya mwekundu inasalimia majike wangapi kwa siku?"

Gentil aligeuka akaangalia ukuta.

Thamani ya dume, Miss Jo alieleza, watu huitafuta pande nne. Alivyokimbia mwenyewe. Ukoo wa mama yake. Maumbile yake, hasa miguu ya mbele. Na watoto wake wamefanya nini, na hilo likishajulikana yale mengine yote hunyamaza. Akaanza kuwataja mama, bibi, na mama wa bibi wa yule mwekundu, akirudi nyuma bila kusita, na Nehemia alimsikiliza kwa mshangao, maana hivyo ndivyo baba yetu alivyokuwa anataja ng'ombe zake. Aliposema mwekundu ana ndugu aliyeshinda mbio kubwa, Nehemia aliuliza kama ni wa baba mmoja. Miss Jo akasema hapana, mama mmoja. Wa baba mmoja, alisema, sisi watu wa farasi hatuwaiti ndugu, dume ana watoto mamia.

"Batoto ya baba moja si ndugu?" Yona aliuliza kwa hofu. Nadhani alikuwa anauona ukoo wetu mzima ukiporomoka.

"Yona, na sisi kwa dume tunauliza mama," Nehemia alimtuliza. "Huyu mama ni muchungaji wa kweli."

Kisha Miss Jo akatupa kitendawili chenyewe. Mwekundu alishinda mbio nyingi, lakini watoto wake bado ni wadogo, hakuna hata mmoja aliyekimbia. Kwa hiyo kila mtu anamwotea, na mtoto wake sokoni ananunuliwa kwa ndoto. Mzee ameshazoeleka, hana ndoto tena. Watoto wake ni wapole, wazima, wanakimbia miaka mingi bila kuvunjika, na mabinti zake ni mama wazuri. Lakini sokoni hawashangiliwi. "Anayetaka kuuza anachagua mwekundu," alisema. "Anayetaka kukaa na mtoto anachagua mzee."

Nehemia aliuliza maswali mpaka goti la Miss Jo likachoka. Alirudi kwa jike, akashika miguu yake juu ya kwato, mirefu na laini, akaenda kushika ya mzee, mifupi na migumu, akasema mmoja atamrekebisha mwenzake. Alitaka kujua kama mabinti wa mzee wanakubali watoto wao mara tu wakizaa. Alitaka kujua kama wanaishi sana.

Tukaingia jikoni kwa Miss Jo kumaliza maneno. Alikuwa ametuandalia kuku wa kukaanga, sanduku zima, na mikate midogo ya moto. Hakuna aliyegusa. Kwetu chakula cha ukweni hakiguswi mpaka maneno yaishe. Miss Jo alimwangalia kila mmoja, akaangalia kuku wake, nikaona ameumia. Gentil akamnong'oneza. Akacheka, akalifunika sanduku.

Yona alisimama. Jana alikuwa anaogopa kamari, leo alisema vizuri kuliko wote: upande wetu unachagua mwekundu, kwa sababu familia imesafiri mbali, na mtoto wake ndiye mwenye thamani sokoni. Gentil alikuwa anaangalia mdomo wa Nehemia, si wa Yona. Nehemia alikuwa bado hajasema kama anakubali chochote.

"Yona, nyamaza kidogo," Nehemia alisema. Baba wa msichana haongei. "Tunachagua ile muzee."

"Nehemia, ile muzee haina soko! Tutapata nini?"

"Tutapata?" Nehemia alimtazama. "Ngombe ya mahari ikizaa, mutoto ya kwanza inaenda kwa nani?"

Yona alivuta kiti. Akakaa. Sisi sote tulikuwa tumesahau, mimi wa kwanza, miaka hii ya bahasha imetusahaulisha, maana bahasha haizai. Kwetu ng'ombe wa mahari akizaa, ndama wa kwanza anarudi kwa bibi na bwana harusi, ili nyumba yao nayo iwe na maziwa.

"Donc ile mutoto si yangu, si yako," Nehemia alisema. "Ni ya Solange. Mi sikukuya kuchagua kitu ya soko. Nilikuya kuchagulia mutoto yangu kitu yenye haitamwangusha."

Nilimtafsiria Miss Jo. Gentil hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa: ndama harudi mahali ambapo hakuna ndoa. Aliinuka, akaomba ruhusa, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona ameegemea uzio, anajifuta macho kwa kola ya lile shati la pasi.

"Amekataliwa?" Miss Jo aliniuliza, tayari amesimama, tayari kugombana.

"Hapana, Mama," nilimwambia. "Amepewa."

Ndipo tukala. Nehemia alikula mikate, kuku wake akampa Yona.

Kurudi

Nilimpigia Solange kabla hatujatoka getini. Alipokea kabla simu haijalia.

"Shangazi, amekubali?"

"Amekuchagulia dume la farasi. Mtoto atakayezaliwa ni wako."

Akaniuliza kwa Kiingereza atafanya nini na farasi kwenye apatimenti. Watoto tuliowalea huku! Nikamweleza desturi polepole, ng'ombe, ndama wa kwanza, nyumba mpya. Kwenye simu nikasikia pumzi, halafu kilio, halafu akamwita mama yake kwa lugha yetu, ile ambayo huwa anasema ameisahau.

Yona tulimshusha Columbus. Tulipofika ziwani tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu, na sasa ziwa lilikuwa kushoto. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua, na mimi siwezi kukaa na jambo.

"Kaka, yule mtoto ni wa Solange. Wewe umebaki na jike mzee, na atakaa hukohuko kwa Miss Jo. Utafanya naye nini?"

Ninyi mnajua ilivyo kwetu. Mama anaweza kwenda kwa binti yake, mtoto akizaliwa, mtoto akiugua. Baba hazururi kwa mkwe. Akionekana pale mara ya pili bila kuitwa, watu wanasema amekwenda kula mahari tena. Na Solange ni binti yake wa mwisho, na kutoka Black Rock hadi Louisville hakuna mtu anayeweza kusema nilikuwa napita tu.

"Mado," alisema akiangalia maji, "mutu akisema anaenda kuona ngombe yake, nani atamuuliza juu ya nini anaenda?"

Nikaweka macho barabarani, na baada ya muda akaniuliza kama ninajua farasi jike aliyezeeka vile anaweza kuishi miaka mingapi tena.

Sikujua. Nikamwambia mingi.